Wimbo Mmoja, Rekodi Mbili: Green Day na Waliowakataa

Ukitaka kujua kama lawama zilizowaangukia Green Day, bendi ya panki ya California, mwaka 1994, kwamba wamejiuza kwa lebo kubwa (kampuni ya rekodi), zilihusu muziki wao, chukua wimbo wa "Welcome to Paradise". Waliurekodi mara mbili. Mara ya kwanza ni 1991, katika studio ya Art of Ears mjini San Francisco, kwa ajili ya albamu ya Kerplunk iliyotolewa na lebo ndogo ya Lookout. Mara ya pili ni 1993, Fantasy Studios mjini Berkeley, kwa ajili ya Dookie, iliyotolewa na Reprise iliyo chini ya Warner. Wapigaji ni walewale watatu: Billie Joe Armstrong kwenye gitaa na sauti, Mike Dirnt kwenye besi, Tré Cool kwenye ngoma. Maneno ni yaleyale. Mpangilio ni uleule, hadi ile sehemu ya katikati ambapo wimbo unazama kwenye rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa) nzito yenye kiza na besi inashika usukani.

Zisikilize mfululizo kwa spika za masikioni. Ya kwanza ni nyembamba, kila chombo kinagombea nafasi ileile. Ya pili ina unene: magitaa yamesimama kushoto na kulia, besi imepewa njia yake, ngoma ziko karibu na sikio. Tofauti ni muda wa studio na mafundi. Hakuna noti iliyolainishwa ili kumfurahisha mtu wa redio. Hata hivyo, ile ya kwanza mashabiki wa panki wa East Bay, eneo la mashariki mwa ghuba ya San Francisco, waliikumbatia kama mali yao, na ilipotoka ya pili, choo cha klabu iliyowalea kilikuwa na maandishi ukutani yanayosema Billie Joe lazima afe.

Klabu yenye masharti

Klabu hiyo ni 924 Gilman Street, Berkeley, California. Ilifungua milango tarehe 31 Desemba 1986, na nyuma yake walikuwepo Tim Yohannan na wenzake wa jarida la Maximum Rocknroll. Iliendeshwa na watu wa kujitolea: haohao walishika mlango, walisimamia mitambo ya sauti, walifagia baada ya onyesho. Pombe haikuuzwa, kwa hiyo watoto wa rika lolote waliingia. Dawa za kulevya, ngumi na ubaguzi vilikatazwa. Na bendi yenye mkataba na lebo kubwa haikupewa jukwaa.

Ni muhimu kuelewa kwamba sharti hilo la mwisho halikutungwa kwa ajili ya kuwaonea Green Day. Lilikuwa ngome. Watu wa Gilman walikuwa wameona jinsi kampuni kubwa zinavyoingia kwenye mji, zinachukua kinachouzika na kuacha maganda. Waliamini kwamba ukishafungua mlango kwa bendi moja unayoipenda, huna tena sababu ya kuufunga kwa bendi usiyoipenda. Mimi naliona sharti hilo kuwa la haki kwa klabu, na hukumu iliyofuata kuwa ya uonevu kwa watu watatu. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Armstrong na Dirnt walitoka Rodeo, mji mdogo wenye kiwanda cha kusafisha mafuta, kaskazini mwa Berkeley. Walijuana shuleni wakiwa na miaka 10. Baba yake Armstrong, dereva wa lori aliyekuwa pia mwanamuziki wa jazi, alifariki 1982. Mama yake alikuwa mhudumu wa mgahawa. Onyesho la kwanza la vijana hao, wakijiita Sweet Children, lilifanyika Oktoba 1987 katika Rod's Hickory Pit mjini Vallejo, mgahawa alikofanya kazi mama huyo. Mwaka uliofuata Larry Livermore, mmoja wa waanzilishi wa Lookout, aliwakuta wakipiga kwenye nyumba ya milimani, mwanga wa mishumaa, umeme wa jenereta, mbele ya vijana kama watano hivi. Walipiga kana kwamba uwanja umejaa. Livermore aliamua kuwarekodi.

Mwaka 1989 wakabadili jina kuwa Green Day ili wasichanganywe na Sweet Baby, bendi nyingine ya palepale, wakatoa rekodi ndogo ya 1,000 Hours, kisha albamu ya 39/Smooth mwaka 1990. Mpiga ngoma wao wa wakati huo, John Kiffmeyer, akaenda chuoni. Nafasi ikachukuliwa na Tré Cool, aliyeanza kupiga na Livermore mwenyewe katika bendi ya The Lookouts akiwa na miaka 12.

Halafu wakaanza barabara. Gari lao lilikuwa basi lililowahi kuwa maktaba ya kutembea, likiendeshwa na baba yake Tré. Huku ndiko ustadi ulikotoka. Bendi ya watu watatu haina pa kujificha: gitaa likinyamaza, kinachobaki ni besi na ngoma, na msikilizaji anasikia kila kosa. Anayesema kwamba Green Day waliibuka ghafla 1994 anaruka miaka sita ya kumbi ndogo, sakafu za kulala na mitambo mibovu.

Mkataba na wiki tatu za studio

Kerplunk ilipofika makumi ya maelfu ya nakala, tatizo likawa la vitendo kabisa. Lebo ndogo ina uwezo wa kuchapa idadi fulani ya nakala na kuzifikisha kwenye maduka fulani. Ikivuka hapo, mashabiki wanatafuta albamu na hawaipati. Rob Cavallo wa Reprise alisikia rekodi zao za majaribio, akaenda kuwaona, na kilichowavuta wao kwake ni kwamba alikuwa prodyuza anayejua kupiga gitaa na alikuwa amefanya kazi na bendi ya The Muffs. Walisaini 1993. Gilman ikafunga mlango.

Dookie ilirekodiwa kwa takriban wiki tatu. Armstrong aliimba nyimbo 16 au 17 kwa siku mbili, nyingi kwa mkupuo mmoja, na hilo liliwezekana kwa sababu walikuwa wamezipiga hadi zikaingia kwenye misuli. Walitaka sauti kavu, isiyo na mwangwi wa kubandika, ukaribu ule wa rekodi za zamani za Sex Pistols na za kwanza za Black Sabbath. Miksi ya kwanza, yaani uunganishaji wa sauti zilizorekodiwa, haikuwaridhisha, ikarudiwa, na mkono wa Jerry Finn ndio uliosaidia kuileta sauti tunayoijua. Ukitaka kumtaja fundi mmoja aliyeunda sauti ya pop-panki kwa miaka kumi iliyofuata, ni Finn. Ndiye aliyekuja kuwa prodyuza wa albamu ya Enema of the State ya bendi ya blink-182 mwaka 1999.

Gitaa lilikuwa "Blue", nakala ya Stratocaster iliyotengenezwa na Fernandes, ambalo Armstrong alikuwa nalo tangu utotoni. Karibu na kidaraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, imewekwa pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya koili mbili, iliyokaa kwa mshazari. Amplifaya zilikuwa Marshall za wati 100 za muundo wa zamani, zilizofanyiwa marekebisho ndani ili zitoe mkwaruzo zaidi ya zile za kiwandani. Dirnt alipiga besi ya Gibson, kwa pleki, kile kipande bapa cha kukwangulia nyuzi. Orodha ni fupi kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachoitwa rahisi

Wakosoaji walirudia neno moja: kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za aina tatu tu. Wapiga gitaa wengi wanaojaribu nyimbo hizi nyumbani hugundua haraka kwamba kujua kodi ni robo ya kazi. Tuziangalie.

Kwanza legeza nyuzi zote nusu toni, kutoka nzito hadi nyepesi: E bemoli, A bemoli, D bemoli, G bemoli, B bemoli, E bemoli. Majina ya kodi nitakayotaja ni ya vidole. Sauti inatoka nusu toni chini yake. Watu husahau hatua hii, kisha wanajiuliza kwa nini hawaendani na rekodi. Nyuzi zikishalegea huwa tepetepe. Seti nyembamba, inayoanzia namba 9, inayumba ukibana kwa nguvu, na kodi inasikika juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Weka seti nene zaidi, ya 10 hadi 46, na ubane kwa nguvu ya kutosha tu, usikamue.

"Basket Case" ina E, B, C#m, G#m, A, E, B. Huo ni karibu mfuatano uleule wa Kanoni ya Pachelbel, wa karne ya 17. Tofauti iko mwishoni, Pachelbel anapita kwenye kodi ya nne ya skeli (hapa ni A) kabla ya kutua kwenye ya tano (B) na Green Day wanaingia ya tano moja kwa moja. Hesabu: hizo ni kodi tano tofauti, si tatu. Na uzuri wake uko kwenye ngazi. Kodi zinashuka huku melodi ikining'inia juu, kwa hiyo sikio linahisi mtu anayeanguka polepole huku akiendelea kuzungumza. Wimbo ni wa kijana mwenye mashambulizi ya hofu. Muziki na maneno vinasema jambo moja.

Kasi yake ni kama mapigo 170 kwa dakika, na mkono wa kulia unapiga mara mbili kwa kila pigo. Hiyo ni mipigo 340 kwa dakika, karibu sita kwa sekunde, na inatakiwa yote iwe ya kushuka. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Mkono ukichoka, wanaanza kushuka na kupanda kwa zamu. Mpigo wa kupanda unagusa nyuzi nyembamba kwanza na una nguvu ndogo, kwa hiyo mdundo unakuwa na kilema: mmoja mzito, mmoja mwepesi. Noti ni sahihi, kasi ni sahihi, lakini wimbo umekufa. Dawa ni metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo. Anza 120, piga kwa kushuka tu dakika mbili bila kusimama, ongeza 5 siku unayoona mkono haujakaza. Mwendo utoke kwenye kifundo. Ukiuona mkono wote wa mbele unatikisika, umeshapoteza, rudi chini.

Ubeti wa kwanza ni gitaa na sauti tu, nyuzi zikiwa zimezibwa kwa ubavu wa kiganja. Kiganja kikae pale nyuzi zinapotoka kwenye kidaraja. Kikisogea mbele sentimita moja, noti inapotea na unabaki na "tap tap" isiyo na sauti. Kikirudi nyuma sana, nyuzi zinalia wazi na mvutano unaisha. Ugumu wa ubeti huu ni subira: msikilizaji anatakiwa ahisi kitu kimefungiwa ndani. Ngoma na besi zinapoingia, kishindo kinatokana na ule ukimya uliotangulia. Bendi za kuiga zinaanza na kila kitu kwa pamoja, halafu hazina mahali pa kwenda.

Mkwaruzo ni kosa la pili. Watu husikia rekodi nene na kufungua geini, kitufe cha kuongeza mkwaruzo kwenye amplifaya, hadi 9. Ule unene unatokana na gitaa kurekodiwa zaidi ya mara moja na kuwekwa pande mbili. Tabaka moja moja lina mkwaruzo wa wastani. Ukiweka geini nyingi kwenye kila tabaka, noti mbili za kodi zinayeyuka kuwa uji, na mipigo sita kwa sekunde inageuka mngurumo mmoja. Anzia 5 kati ya 10 na usikate sauti za kati. Ziache 6 au 7. Ukizikata, gitaa linapendeza ukiwa peke yako chumbani na linapotea kabisa ngoma zikianza, kwa sababu masafa yake ya chini yamechukuliwa na besi na ya juu yamechukuliwa na matoazi.

"When I Come Around" ni somo la kinyume. Kasi ni kama 98, kodi ni G, D, Em, C. Mpangilio huo umetumika kwenye nyimbo zisizohesabika. Kinachoufanya uwe wao ni nafasi kati ya kodi: mkono wa kushoto unalegezwa kidogo, vidole vikibaki juu ya nyuzi, na mkono wa kulia unaendelea kukwangua. Ile "chka" kavu ni sehemu ya ngoma. Kosa la kawaida ni kuinua vidole kabisa, na nyuzi wazi zinalia. Kosa jingine ni kuharakisha, kwa imani kwamba panki lazima ikimbie. Wimbo huu unatembea kwa mabega yaliyolegea. Ukiuharakisha unapoteza kile kiburi chake.

Halafu "Longview". Mashairi yanazungumzia uchovu wa kijana anayeshinda ndani mbele ya televisheni, na wakosoaji waliishia hapo. Wangesikiliza besi. Beti zote zimebebwa na Dirnt, kwa mwendo wa kuyumba, juu ya ngoma za Tré zinazozunguka. Gitaa halina kazi kubwa hadi kiitikio, nalo likiingia linaingia kwa hasira. Mpiga besi anayefuata gitaa noti kwa noti hawezi kuupiga wimbo huu, maana hakuna gitaa la kufuata. Katika bendi za watu watatu, hilo ndilo pengo linaloua: watatu wanacheza sehemu moja. Green Day wanacheza sehemu tatu, na sauti ya Dirnt juu ya ile ya Armstrong kwenye viitikio ni ya nne.

Kwa ngoma, onyo moja tu. Tré hujaza mapengo kwa mizunguko ya haraka kwenye tomu zote (ngoma za kati za seti), na anayejifunza karibu kila mara hutoka kwenye mzunguko akiwa amewahi nusu pigo. Jirekodi, kisha sikiliza pigo la kwanza baada ya kila mzunguko. Pigo hilo halidanganyi.

Mwaka mmoja

Dookie ilitoka tarehe 1 Februari 1994. Wote watatu walikuwa na miaka 21. Nyimbo 14 na mmoja wa siri mwishoni, kwa muda wa dakika 39 hivi. Video ya "Longview" ilipigwa kwenye nyumba yao ya chini ya ardhi mjini Berkeley kwa bajeti ndogo, chini ya mwongozaji Mark Kohr, na kituo cha televisheni cha MTV kikaishika. "Longview", "Basket Case" na "When I Come Around" zote zilifika nambari 1 kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa. "Basket Case" ilikaa wiki tano na "When I Come Around" wiki saba. Albamu ilipanda hadi nambari 2 kwenye Billboard 200, chati kuu ya albamu Marekani.

Tarehe 14 Agosti walipanda jukwaa la Woodstock '94 huko Saugerties, New York. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wakaanza kurusha matope, bendi ikarudisha. Katika vurugu hizo mlinzi alimdhania Dirnt kuwa shabiki aliyevamia jukwaa, akamwangusha, na jino likaharibika. Wiki chache baadaye, 9 Septemba, walipiga bure Hatch Shell, jukwaa la wazi mjini Boston. Walikuja zaidi ya watu 60,000, uzio ukalemewa, onyesho likakatizwa baada ya nyimbo chache na watu kukamatwa. Machi 1995 wakapokea Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Kufikia 1999 Dookie ilikuwa imethibitishwa kuuza nakala milioni 10 Marekani pekee.

Inasahaulika walichobeba kutoka nyumbani walipokuwa juu. Mchoro wa jalada ulifanywa na Richie Bucher, msanii wa mazingira yaleyale ya panki ya East Bay, ukajazwa watu na mitaa ya kwao. Na katika ziara ya 1994 walichukua Pansy Division kufungua maonyesho, bendi ya panki ya mashoga kutoka San Francisco. Kumbi zilijaa vijana wa kiume ambao wengi hawakutaka kuwasikia, wakazomea na kurusha vitu. Green Day hawakuwaondoa. Bendi iliyouza utu wake ingechagua mtu mwepesi zaidi.

Lawama, moja moja

Lawama ya kwanza ilikuwa usaliti. Nimeshasema: muziki haukubadilishwa, na "Welcome to Paradise" ni ushahidi unaoweza kuusikiliza wewe mwenyewe.

Ya pili ni kwamba hawakuleta jipya, kwamba hayo yote Ramones na Buzzcocks, bendi za panki za miaka ya 1970, walishayafanya. Hii ina ukweli ndani yake. Buzzcocks walikuwa wakiandika melodi tamu juu ya magitaa ya haraka tangu miaka ya 1970. Lakini besi ya Dirnt haipo kwa Ramones, na zile ngoma zinazozunguka hazipo pia. John Lydon wa Sex Pistols aliwakataa hadharani zaidi ya mara moja, akiona hawastahili jina la panki. Ajabu ni kwamba Sex Pistols wenyewe walitoa albamu yao ya 1977 kupitia Virgin nchini Uingereza na Warner nchini Marekani, baada ya kupita lebo za EMI na A&M. Kama kipimo ni lebo, kimewaangukia wote.

Kuna pia lafudhi. Armstrong, mtoto wa California, alisutwa kwa kuimba kama Mwingereza. Sikiliza irabu zake: amezibana na kuzipeleka puani ili maneno yapenye katikati ya magitaa mazito bila kupandishwa sana kwenye miksi. Ni chombo, kama pleki ilivyo chombo.

Lawama nzito zaidi haikuwa juu yao binafsi. Ilikuwa hofu ya kitakachofuata, na hapo wakosoaji walikuwa sahihi. Baada ya Dookie, kampuni kubwa zilikimbilia bendi za panki na nyingi kati ya hizo zikaachwa. Mfano unaouma ni Jawbreaker, bendi iliyopendwa na mashabiki wa eneo lilelile. Walisaini na kampuni ya Geffen, wakarekodi albamu ya Dear You iliyotoka mwaka 1995, tena na Rob Cavallo yuleyule. Mashabiki waliwageuzia mgongo, wengine kwa maana halisi ya neno, ukumbini. Bendi ikavunjika 1996. Prodyuza mmoja, eneo moja, aina ileile ya mkataba. Naona sababu mbili. Sauti ya mwimbaji wao Blake Schwarzenbach, aliyefanyiwa upasuaji wa koo, ilitoka laini kuliko ile mashabiki waliyoizoea, kwa hiyo waliokuwa wakitafuta ushahidi wa usaliti walidhani wameupata. Pia yeye mwenyewe alikuwa ametangaza wazi kwamba hawangesaini. Dear You leo inapendwa sana, na hilo halikuwasaidia wakati ule.

Kwa upande mwingine, bendi ya The Offspring walitoa albamu ya Smash mwaka huohuo wa 1994 kupitia Epitaph, lebo huru, ikauza mamilioni. Kwa hiyo si kweli kwamba lebo kubwa ndiyo ilikuwa njia pekee. Na si kweli pia kwamba lebo ndogo ni salama: mwaka 2005 Green Day waliziondoa rekodi zao za mwanzo Lookout kwa sababu ya mirabaha isiyolipwa. Livermore alikuwa ameshaondoka tangu 1997. Anayepima usafi wa bendi kwa nembo iliyo nyuma ya jalada hana budi kuieleza habari hiyo pia.

Jeraha

Umaarufu haukufuta kufukuzwa. Albamu iliyofuata, Insomniac, ya Oktoba 1995, ni nyeusi na yenye kasi zaidi, na ina wimbo unaoitwa "86", neno la mtaani la Marekani linalomaanisha kutimuliwa mahali. Unamhusu mtu anayerudi palipokuwa kwake na kuambiwa hana nafasi tena. Msimu wa kuchipua wa 1996 walifuta ziara ya Ulaya kwa uchovu.

Kisha wakafanya jambo lililowakera hata baadhi ya waliobaki nao. Armstrong alikuwa na wimbo wa gitaa kavu alioutunga miaka mingi nyuma, ukajaribiwa wakati wa Dookie na kuwekwa kando kwa kuwa haukuendana na nyingine. Walioutoa kwenye albamu ya Nimrod, 1997, ni uleule: "Good Riddance (Time of Your Life)". Gitaa, sauti, na vyombo vya nyuzi kama fidla. Hakuna ngoma. Mwanzoni kabisa anakosea kodi, anaanza tena, anatukana chini ya pumzi, na kosa hilo wameliacha kwenye rekodi. Kwa bendi iliyosutwa kwa usafi wa sauti zake, nauona uamuzi huo kuwa wa kijasiri kuliko nyimbo kumi za kelele.

Albamu ya Warning ya 2000 haikuuza vizuri, na wengi wakaandika kwamba wamekwisha. Mkanda wa albamu iliyokuwa inafuata ukaibwa, wakaamua kutoirudia. Badala yake ikaja American Idiot, Septemba 2004, yenye nyimbo mbili za zaidi ya dakika tisa zilizoshonwa vipande vipande, na ikawa ya kwanza kwao kushika nambari 1 kwenye Billboard 200. Ikapata Grammy ya albamu bora ya roki. Ilifika Broadway, New York, 2010 ikiwa mchezo wa kuigiza wa muziki. Kufikia hapo wakosoaji wa zamani walikuwa wameshaanza kuiita Dookie albamu ya kihistoria. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye hazina ya rekodi za taifa, ambayo huchagua rekodi 25 tu kwa mwaka.

Tarehe 18 Aprili 2015 waliingizwa Rock and Roll Hall of Fame mjini Cleveland, mwaka wa kwanza waliostahili. Mwezi mmoja kabla ya hapo moto ulikuwa umeharibu jengo la Oakland lenye wachapishaji wa AK Press na matbaa ya 1984 Printing, watu wa mazingira yaleyale ya panki na siasa za mlengo wa kushoto. Likaandaliwa onyesho la kuwachangia. Tarehe 17 Mei, Green Day walipanda jukwaa la 924 Gilman Street kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mapato yote yakaenda kwa walioathiriwa na moto huo.